Shajara ya mradi: kadi za Kiingereza cha safari za anga za juu

Kinachoandaliwa ni seti ya kadi za kumwezesha msomaji wa Kiswahili aliyemaliza kidato cha nne afuatilie urushaji wa roketi kwa Kiingereza, moja kwa moja, bila kubaki nyuma. Kamusi haifai kazi hii. Mtangazaji akisema neno, sekunde tatu baadaye yuko kwenye lingine, na anayetafuta ukurasa amekwisha kupitwa.

Wiki ya 1: kukusanya, kisha kupangua

Maneno yamechukuliwa mahali pa aina tatu: matangazo ya vyumba vya udhibiti, vijitabu wanavyopewa waandishi wa habari kabla ya safari, na mazungumzo ya redio ya Apollo, safari za watu kwenda Mwezini, ambayo NASA iliyachapa neno kwa neno. Neno haliingii mpaka lionekane katika safari mbili tofauti. Sharti hilo peke yake lilishusha rasimu kutoka kadi 210 hadi 134.

Mpangilio wa kwanza ulikuwa wa alfabeti, na haukufaa. Kadi ya "abort" ilikaa ubavuni mwa "airlock", moja ya dharura ya kupaa, nyingine ya mlango wa kutokea nje ya kituo cha angani, na akili haikupata pa kuzishikia. Sasa kadi zinafuata safari yenyewe: jukwaani, kupaa, kwenye mzingo (njia ya kuizunguka Dunia), njiani, kutua, juu ya uso, kurudi. Anayejua chombo kimefika wapi anajua pia maneno gani yanakuja, na hapo sikio hujiandaa.

Jambo lililojitokeza mapema, na ambalo limeongoza kazi yote tangu hapo, ni kwamba maneno marefu hayasumbui. "Spectrometer" na "telemetry" yana maana moja tu, na Kiswahili kimeshayapokea kama spektromita na telemetria. Yanayomwangusha msomaji ni maneno mafupi ya nyumbani ambayo anaamini anayajua tangu darasa la sita: "burn", "hold", "scrub", "stage", "bus", "window", "attitude", "nominal", "go". Hayo yamewekewa nukta nyekundu, na ndiyo yanayofundishwa kwanza.

Kila kadi ina pande mbili. Mbele kuna sentensi nzima ya Kiingereza juu ya tukio la kweli, neno lenyewe likiwa limepigiwa mstari. Nyuma kuna vitu vitatu: maana ya neno katika sentensi ile tu, neno linaloandamana nalo, na kosa linalotarajiwa kwa msemaji wa Kiswahili. Neno moja moja bila sentensi halikubaliwi. Kadi iliyoandikwa "bus = basi" ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi, kwa sababu katika setilaiti "bus" ni mwili wake: fremu, betri, redio na vidhibiti, yaani kila kitu kinachobeba vifaa vya kazi. Vifaa vya kazi vyenyewe ndivyo "payload".

Wiki ya 2: jukwaani

Mfano mkuu wa kadi za jukwaani ni Artemis I, safari ya NASA ya kwenda Mwezini bila watu, kwa kuwa safari hiyo ilipitia karibu kila neno la kundi hili kabla ya kuondoka. Tarehe 29 Agosti 2022 urushaji ulikuwa "scrubbed" baada ya vipimo kuonyesha kwamba injini namba 3 haikupoa ipasavyo. Tarehe 3 Septemba ukawa "scrubbed" tena, safari hii kwa kuvuja kwa hidrojeni ya kimiminika. Kimbunga Ian kilipokaribia Florida roketi ikaanza kurudishwa ndani ya jengo lake usiku wa tarehe 26 Septemba: hiyo ni "rollback". Ikaruka tarehe 16 Novemba kutoka jukwaa 39B.

"Scrub" shuleni ni kusugua sufuria. Hapa ni kufuta jaribio la siku hiyo baada ya maandalizi kuanza. "Delay" ni pana zaidi na inaweza kuwa ya dakika tano au miaka miwili. "Hold" ni kusimamisha saa ya kuhesabu kurudi nyuma huku kazi zikiendelea. Mengi ya mapumziko hayo hupangwa tangu mwanzo. Artemis I ilikuwa na la nusu saa kwenye "T minus 10 minutes", na msikilizaji asiyejua alidhani pameharibika kitu.

Hapo ndipo palipohitaji kadi mbili zinazosomwa pamoja. "T minus" ni saa ya kazi: husimama wakati wa "hold". "L minus" ni muda halisi uliobaki mpaka kuondoka: haisimami kwa mapumziko yaliyopangwa. Ndiyo maana mtangazaji anaweza kusema L minus 40 dakika na T minus 10 dakika kwa pumzi moja na asiwe amekosea.

"Go" hapa ni kivumishi. "We are go for launch" haina kosa la sarufi, na mwalimu asiisahihishe. Inayopinga ni "no-go". "Nominal" imesumbua zaidi, kwa kuwa aliyesoma uchumi anaijua kama thamani ya jina tu. Kwenye redio maana yake ni: kama ilivyopangwa. Kinyume chake ni "off-nominal", na jambo likizidi kuwa baya huitwa "anomaly". Nyuma ya kadi ya "anomaly" imeandikwa wazi kwamba neno hili la upole linaweza kumaanisha roketi imelipuka.

Wiki ya 3: saa zetu na saa zao

Makosa ya wiki hii hayakuwa ya maneno. Yalikuwa ya saa. Matangazo hutaja UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, au saa za Marekani, na msomaji wa Afrika Mashariki ana hesabu mbili za kufanya: kuongeza saa tatu juu ya UTC, kisha kuondoa sita ili apate saa ya Kiswahili. Wengi hufanya moja na kusahau nyingine.

Zoezi lililoingizwa kwenye kadi: dirisha la Artemis I lilifunguka saa 06:04 UTC, na roketi iliondoka 06:47. Kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa tatu na dakika 4 asubuhi, na kuondoka saa tatu na dakika 47. Dirisha, yaani "launch window", ni muda ambao roketi ikitoka ndani yake itafika inakokwenda. La siku ile lilikuwa la saa mbili, na dakika 43 zake zilikuwa zimekwisha.

Tarehe nazo huteleza. Vitabu vya Marekani vinasema binadamu alikanyaga Mwezi tarehe 20 Julai 1969. Kutua kulikuwa 20:17 UTC, yaani saa tano na dakika 17 usiku wa tarehe 20 kwetu. Hatua ya kwanza ilikuwa 02:56 UTC, na hapo Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 21, saa kumi na moja na dakika 56. Sentensi za kadi sasa zinataja UTC daima, na saa ya hapa inaandikwa nyuma.

Wiki ya 4: kupaa na kujigeuza

"Burn" ni nomino kabla ya kuwa kitenzi: kipindi ambacho injini inawaka ili kubadili mwendo au njia. "A six-minute burn" si ajali ya moto. Injini ya roketi ya Saturn V iliyowaka karibu dakika 6 kuisukuma Apollo 11 kutoka mzingo wa Dunia kuelekea Mwezini ilifanya "translunar injection burn". Vifungu vinavyofanana nalo viko kwenye kadi tofauti kwa makusudi: "burn up" ni kuteketea angani, "burnout" ni mwisho wa kuwaka kwa injini.

"Attitude" na "altitude" zilikuwa kwenye kadi moja. Zimetenganishwa. Altitude ni kimo. Attitude ni mkao wa chombo, kimeelekea wapi na kimelala vipi, wala haina uhusiano na tabia ya rubani. Kwa sikio herufi moja ndiyo inayozitofautisha, kwa hiyo kila moja ina sentensi yenye kidokezo: altitude huja na kilomita, attitude huja na "control", "hold" au "change".

Pitch, roll na yaw zilitarajiwa kuwa rahisi kwa watu wa pwani, maana bahari ina msamiati wake. Haikuwa hivyo. Mrama ni kuyumba kwa chombo kwa mawimbi, na neno halitenganishi kuyumba kwa upande huu na ule. Maelezo yaliyobaki ni ya mwili wa chombo: pitch, omo inainuka na kushuka, roll, chombo kinalala ubavu huu kisha huu, yaw, omo inageuka kulia au kushoto bila kuinuka. Kipande cha mbao chenye urefu wa kiganja, kilichochorwa omo na tezi, kinafundisha haya kwa dakika mbili, tena vizuri kuliko mchoro wowote wa karatasi.

Onyo moja la fizikia limeandikwa kwa wino mzito. "Zero gravity" ni jina lililozoeleka na lisilo sahihi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko kimo cha kilomita 400 hivi, na huko mvuto wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Watu wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja kuizunguka Dunia. Neno la kutumia katika maandishi ni "weightlessness" au "microgravity".

Wiki ya 5: vitenzi vya setilaiti

Hapa Afrika Mashariki ina mifano yake yenyewe, na hakuna sababu ya kwenda kuazima.

Tatizo la kwanza ni kwamba "kurusha" limebeba kazi ya vitenzi viwili. 1KUNS-PF ya Kenya ilikuwa "launched" mapema Aprili 2018 ikiwa ndani ya mzigo wa kwenda kituoni, na "deployed" kutoka sehemu ya Kijapani ya kituo, Kibo, tarehe 11 Mei 2018. Magazeti yaliyosema ilirushwa Mei na yaliyosema Aprili yalikuwa yanaongelea matukio mawili. Deploy ni kuachilia. Taifa-1, nayo ya Kenya, haikupitia kituoni: roketi ya Falcon 9 iliipeleka kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, na ikaachiliwa na roketi yenyewe.

PearlAfricaSat-1 ya Uganda imepewa kadi ndefu kuliko zote, kwa sababu safari yake inabeba vitenzi vinne kwa mfululizo. Tarehe 7 Novemba 2022 chombo cha mizigo cha Cygnus kilichoibeba kilikuwa "launched" kutoka Wallops, Virginia. Tarehe 9 kilikuwa "captured", yaani kilinaswa na mkono wa roboti wa kituo, kisha "berthed", yaani mkono ukakipachika mlangoni. Setilaiti ikawa "deployed" tarehe 2 Desemba. Katika safari hiyo hiyo paneli moja ya jua ya Cygnus ilishindwa kukunjuka, na Kiingereza kikasema "failed to deploy". Neno lile lile, maana ya pili: kukunjua kilichokunjwa.

Dock na berth, Kiswahili kinazitosheleza kwa kutia gati. Kiingereza cha anga kinazitenga. Chombo kinachojiendesha mpaka kwenye mlango na kujifunga kinafanya "dock". Kinachosubiri kushikwa na mkono na kupachikwa ni "berth". Kwa masikio "berth" ni sawasawa na "birth", kwa hiyo ni lazima isikilizwe pamoja na "Canadarm2" (jina la mkono huo wa roboti) au "port". Jozi nyingine ya sikio: "crewed" na "crude". Maandishi ya sasa ya NASA yameacha "manned" na kushika "crewed" na "uncrewed", hivyo msikilizaji atakutana nalo kila siku.

Tatizo la pili ni vihusishi. Kiswahili hutumia "kwa" na "kwenye" kwa mambo mengi, Kiingereza hakikubali. Sentensi ya mazoezi imejengwa juu ya setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kuchunguza eksirei za nyota, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru. "Uhuru was launched on a Scout rocket from the San Marco platform into a near-equatorial orbit." On kwa roketi, from kwa mahali, into kwa mzingo. Mwanafunzi anabadilisha setilaiti, roketi, mahali na mzingo, vihusishi vitatu vinabaki palepale. Zoezi lirudiwe mara kumi kwa setilaiti kumi. Hakuna njia ya mkato iliyopatikana.

Wiki ya 6: "the", herufi kubwa, na mwezi

Kiswahili hakina neno la kukaa mahali pa "a" na "the", na uga huu unaadhibu kwa hilo. "In space" ni anga za juu. "In the space" ni katika nafasi ile, kwa mfano kati ya kabati na ukuta. Hili ndilo kosa lililoonekana mara nyingi kuliko yote kwenye majaribio ya kuandika.

"The Moon" kwa herufi kubwa ni Mwezi wetu. "A moon" ni mwezi wowote, kama ile ya Mshtarii. Kwa upande wetu mtego uko ndani ya Kiswahili chenyewe: miezi minne ni muda au ni magimba? Kadi inadai "four moons" na "four months" ziandikwe kwa Kiswahili kwa ufafanuzi, "miezi minne ya Mshtarii" na "muda wa miezi minne". "Earth" ni sayari, "earth" ni udongo. Kuhusu majina ya sayari, Mercury imeandikwa Utaridi. Zebaki, inayoonekana katika baadhi ya vitabu vya shule, ni ile metali ya kwenye vipimajoto. Aliyeitumia alitafsiri neno la Kiingereza na kuiacha sayari.

Mfano usioshindika wa uzito wa "a" ni maneno ya Neil Armstrong. Kilichosikika redioni ni "one small step for man, one giant leap for mankind". Bila "a", "man" ni binadamu wote, na sentensi inajirudia. Armstrong alisema alikusudia "for a man", hatua ya mtu mmoja. Tafsiri ya Kiswahili hulazimika kuchagua, na iliyo sahihi ni ya mtu mmoja, kwa sababu ndiyo pekee inayoipa sehemu ya pili kazi ya kufanya.

Wiki ya 7: kutua

"Soft landing" si kutua laini. Ni kutua kwa kasi ambayo chombo kinaweza kuistahimili na kuendelea kufanya kazi, kama Chandrayaan-3 ya India ilivyofanya karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023. "Hard landing" ni msemo wa staha kwa kujibamiza. Kwa majini ni "splashdown", na "touchdown" ni sekunde ya kugusa ardhi.

"Far side" ni upande wa Mwezi usiotuelekea. Chang'e 4 ya China ilitua huko tarehe 3 Januari 2019. "Dark side" inasikika sana lakini inapotosha: upande ule hupata mchana kama huu wetu. Kadi ya pili imefutwa kabisa, na neno likabaki kama onyo nyuma ya kadi ya kwanza.

Njeo, yaani nyakati za vitenzi, nazo zimeingia hapa. "The Eagle has landed" ni -me- bila shaka: Eagle, chombo cha kutua cha Apollo 11, imetua, na sasa iko chini. Watu wa Apollo 13, Aprili 1970, walisema "Houston, we've had a problem". Inayonukuliwa na wengi ni "we have a problem", ambayo ni tuna tatizo. Iliyosemwa ni karibu zaidi na tumepatwa na tatizo: kishindo kimesikika, na matokeo yake ndiyo wanayoyasoma kwenye vipimo. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa tofauti ya -na- na -me- anayo kinywani tangu utoto. Afundishwe kuiegemea.

Wiki ya 8: vinavyoanguka

Kimondo ni neno moja kwa maneno matatu. "Meteoroid" kingali angani mbali, "meteor" ni mwali unaoonekana kikipita kwenye angahewa, "meteorite" ni kilichofika chini. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16, kwa Kiingereza ni meteorite tu. Kukiita meteor ni kusema bado kinawaka.

Vilivyotengenezwa na watu ni "debris". Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema kwa tathmini ya awali ni "separation ring" ya roketi, kipande ambacho kwa kawaida hubuniwa "burn up" wakati wa "re-entry" au kuangukia baharini. Kadi tatu zimetoka kwenye tukio hilo moja.

Neno ambalo halijafungwa ni "stage". "Hatua" imezoeleka, lakini humfanya msomaji afikirie wakati: hatua ya kwanza ya safari. Stage ni kitu, kipande cha roketi chenye injini na matangi yake, kinachoachwa kikiisha. Pendekezo lililo mezani ni pingili, kama ya muwa. Saturn V, mita 111, ni roketi ya pingili tatu. Pingili ya kwanza imejitenga. Pingili ya pili imewaka. Linasomeka bila maelezo, na "upper stage" inakuwa pingili ya juu. Kadi 11 zinasubiri uamuzi huo, na hazitachapwa mpaka zijaribiwe kwa sauti, neno moja kisha lingine, juu ya matangazo ya urushaji ujao.